Ukucha wa Baba Mkubwa

Mwaitu, Mama yangu,

Mguu wako nimeuchora. Nimeuchora ukiwa mzima, nikauchora umevimba, nikauchora na ile rangi ya mwisho ambayo mpaka leo sitaki kuitaja, na sasa watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi kuutazama. Usinikasirikie. Najua hukupenda hata kupigwa picha. Mkiitwa kupiga picha kanisani ulikuwa unajificha nyuma ya mwanamke mnene kuliko wote, kisha picha ikitoka unauliza, "Na mimi niko wapi?" Lakini hii si ya kutundikwa sebuleni. Niliichora ili imfikie mtu mmoja, na imemfikia.

Mtu mwenyewe ni Baba Mkubwa. Najua umeshajua.

Acha nianze na siku ile. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa na maumivu, na huenda mengi yalikupita. Ulikwenda shambani peke yako kukusanya ndengu zilizokuwa zimeng'olewa na kurundikwa zikauke. Mwende, mke wa kaka yangu Mutua, alikuwa na homa, akawa amekwambia tangu jioni, "Mama, kesho utaenda peke yako." Ukainua rundo, ukasogeza mguu, na nyoka, moma aliyekuwa amelala chini yake, akakuuma juu ya kifundo. Mwende ndiye aliyekusikia. Akatoka na homa yake, akakubeba mpaka nyumbani, na ni yeye aliyeita pikipiki. Pikipiki ilikuja, Mama. Hilo nataka ulijue kama hukuliona. Ilikuja ikasimama kwenye ua wa minyaa, injini inanguruma, kijana anauliza mgonjwa yuko wapi.

Baba Mkubwa ndiye aliyeirudisha. Yeye ndiye mkubwa wa boma tangu Baba afariki, na yeye ndiye mwenye jiwe jeusi, kile kipande cha mfupa uliochomwa ambacho alikitoa sijui wapi. Kila aliyeumwa na nyoka upande wetu wa Nuu alikuwa anapelekwa kwake. "Hospitali ya nini na jiwe liko hapa?" Akamwambia kijana aende zake. Akakufunga chini ya goti kwa mpira wa tairi ya baiskeli, akakuchanja kwa wembe, akaligandamiza jiwe juu ya damu. Jiwe likashika. Kisha akanipigia simu mimi huku mjini Wote, na sauti ya mtu aliyemaliza kazi vizuri: "Mama yako ameumwa kidogo. Jiwe limeshika. Usihangaike."

Nilihangaika. Nilitoka na nguo nilizokuwa nazo, na kalamu ya kuchorea sikioni. Unaijua safari ya Wote mpaka Nuu, unapanda hiki unashuka kile, unangoja Mwingi mpaka gari lijae. Nilifika asubuhi ya pili. Nikakuta mguu umekuwa mzito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa, mpira umezama kwenye nyama hauonekani, na Baba Mkubwa ameinama jikoni kwako anachemsha jiwe kwenye maziwa, eti litapike sumu aliweke tena. Sikusalimia mtu. Mimi na Mwende tulikubeba, tukakupeleka hospitali ya Mwingi. Daktari alikutazama wewe, akatutazama sisi, akauliza, "Mbona mmekuja leo?" Hakuuliza kwa ukali. Fizi zako zilikuwa zinatoka damu. Ulinishika kidole kimoja tu, kile kidogo, kama ulivyokuwa unanishika tukivuka barabara nikiwa mtoto. Jua halikuchwa ukiwa nasi.

Mama, kama ingekuwa imeishia hapo, ningelia kama watu wanavyolia na pengine ningepoa. Mzee amekosea, mzee hajasoma, basi. Lakini haikuishia hapo.

Kanisani, siku ya kukuzika, Baba Mkubwa alisimama na tai yake ya mzee wa kanisa akasema ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia. Tukarudi nyumbani, wageni wakaondoka, na uani kwako, viti vya kukodi havijakusanywa, akabadilisha maneno. Akasema jiwe lake halijawahi kushindwa na nyoka wa kawaida. "Huyu nyoka si wa bure. Huyu ametumwa." Akasema ni uoi, uchawi, na nyumba ile mwenye uoi ni nani kama si yule aliyejua tangu jioni ya kuamkia siku ile kwamba wewe utakwenda peke yako? Neno la msichana mwenye homa likawa ushahidi. Mutua alikuwa amekaa pale, dereva mzima wa lori, anayelala Mtito Andei na kuendesha usiku na mchana, na akainamisha kichwa kama mtoto. Kabla wiki haijaisha Mwende alikuwa amerudishwa kwao Kathonzweni na sanduku lake, na kila mahali alipopita, sokoni, kisimani, kanisani, watu walikuwa wanahamisha watoto wao upande wa pili.

Mwende aliyekubeba, Mama. Mwende aliyeita pikipiki.

Mimi nilirudi Wote na hasira ambayo sikuwa najua kwamba naweza kuwa nayo. Nilikuwa nakaa nayo mezani, nalala nayo. Nilikuwa nikipika chai naiona ile sufuria ya maziwa. Nilitaka kumshtaki, nikaambiwa nitamshtaki kwa lipi, kwa kukusaidia? Nilitaka kumpiga. Nilitaka mengine ambayo hata kwako siwezi kuyaandika, na wewe sijawahi kukuficha kitu.

Kisha kazi ikaja. Hapa Wote wamefungua jumba dogo la makumbusho ya viumbe, lenye ndege waliokaushwa na mifupa na nyoka kwenye chupa za spiriti, na wakataka chumba kimoja kiwe cha kufundisha watu kuhusu kuumwa na nyoka. Wakamtafuta mchoraji. Ulikuwa unawaambia wanawake wenzako, "Mumbua wangu anachora wadudu, na wanamlipa," kisha mnacheka mpaka mnashikana mabega. Basi safari hii nililetewa moma.

Ngoja nikueleze hicho chumba, maana ungeniuliza mpaka nichoke. Sakafuni tumepaka alama mbili za nyayo, nyeupe. Unasimama juu yake. Unapewa tableti, ni kama simu lakini pana, unaielekeza chini kwenye mguu wako. Kwenye kioo chake unauona mguu wako mwenyewe, na kiatu chako, na vumbi lako ulilokuja nalo. Halafu kando ya mguu linatokea rundo la ndengu ambalo sakafuni halipo. Ndani ya rundo kuna moma. Ukisogea, anauma, na hapo ngozi yako inafunguka kwenye kioo, unaona ndani, mishipa na misuli, na sumu inavyosambaa, na damu inavyosahau kuganda. Hakuna kinachokugusa. Lakini nimeona wanaume wazima wakiinama kujipapasa kifundo. Na kile anachoona aliyeshika tableti kinaonekana pia ukutani, kikubwa, ili wote waliomo chumbani waone. Hizo picha ni zangu. Kila moja nimeichora kwa mkono, kisha kompyuta inazikimbiza moja baada ya nyingine mpaka zinatembea.

Nilianza kwa kulipiza kisasi kwa nyoka. Nilimchora moma mwenye macho ya mtu mbaya, meno nje, anakuja mbio kama anakudai. Madam Syokau, mkuu wetu, mwanamke mpole ambaye hapitishi kosa hata la gamba moja, aliutazama mchoro akanirudishia. "Huyu si moma, Mumbua. Huyu ni shetani." Nikacheka kwa hasira, kwa sababu nilikukumbuka wewe. Nilipokuwa mdogo nilichora kuku ukutani kwa makaa, nikatarajia kuchapwa, na wewe ukasimama mikono kiunoni ukasema, "Huyu kuku hana pa kutolea yai." Hukunichapa. Uliniambia nirekebishe.

Basi nikarekebisha. Nikamtoa moma kwenye chupa, nikahesabu magamba yake safu kwa safu, nikatazama video za moma walio hai mpaka macho yakauma. Unajua anafanya nini siku nzima? Halii, hafukuzi mtu, hakimbii. Analala. Kujilinda kwake kote ni kutosogea. Hana habari na wewe, hana habari na mimi, na hakuna mtu duniani anayeweza kumpa ujumbe aupeleke kwa mtu fulani shambani. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na moma wa kweli, amejikunja vizuri kwenye ndengu, na hasira yangu yote ikamwacha ikarudi Nuu, kwa mtu.

Sasa ilibaki sehemu ya makosa. Madam alitaka wageni waone watu wanavyofanya: mpira, wembe, jiwe. Jiwe nimelichora vizuri sana, hata yeye alilisifu likiwa peke yake. Ukiligusa kwenye kioo linakua, unaona vishimo vyake vinavyofyonza majimaji ya juu juu na kukauka, ndiyo maana linang'ang'ania ngozi. Chini yake sumu inaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichowekwa. Lakini jiwe halijiweki lenyewe. Linahitaji mkono.

Kwenye kazi yetu mkono wa namna hiyo haufai kuwa wa mtu. Ukichora jani, unachora jani la aina ile, si lile lililotobolewa na mdudu. Ukichora mkono, unaondoa kovu, unaondoa ukucha uliovunjika, unabakiza mkono ambao kila mtu anaweza kudhani ni wake. Hilo ni jambo la kwanza kufundishwa. Na mimi nimelifuata miaka yote bila kusumbuka.

Nikachora kidole gumba cha Baba Mkubwa.

Unakikumbuka. Kile cha kulia, kilichopigwa na nyundo akiwa kijana, ukucha ukaota umepasuka katikati kama kwato za mbuzi. Nuu yote inakijua. Watoto wanakiiga nyuma yake. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema akikupa mkono Jumapili unahisi umesalimiwa na beberu, na unasema huku unajifuta kwenye kitenge. Nilikichora kutoka kichwani, sikuhitaji picha. Nilichora mpasuko, nikachora ule weusi usiotoka ndani yake, nikachora ngozi iliyokunjamana kwenye fundo. Nikakitia mwanga kutoka juu kushoto kama inavyotakiwa. Mama, sijawahi kuchora kitu kwa uangalifu kama ule. Mkono unaingia kutoka ukingoni mwa kioo, umeshika jiwe, unaligandamiza juu ya mguu wa mgeni aliyesimama pale, na kidole gumba kinakuwa juu, kikubwa, hakuna asiyekiona.

Kisha nikampigia simu mchungaji wenu. Nikamwambia makumbusho yanakaribisha makanisa ya Nuu bure, wazee na vijana na watoto wa Sunday school. Alifurahi, akanibariki.

Walikuja na basi la shule. Walishuka wamevaa vizuri, na Baba Mkubwa mbele, na ile tai. Nilimwamkia kama mtoto anavyomwamkia mzazi. Nilimshika mkono, huo huo. Nikawapeleka kwenye ndege, nikawapeleka kwenye mifupa, nikawapa soda. Chumba cha nyoka nilikiacha mwisho. Nikampa tableti kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikamwambia, "Anza wewe, Baba Mkubwa." Watu wakapiga makofi.

Akasimama kwenye nyayo. Ukutani tukaona kiatu chake, soksi, suruali aliyoivuta juu kidogo kwa kiburi. Ndengu zikatokea, watoto wakacheka. Moma akauma, wakapiga kelele kwa raha. Mguu ukaanza kuvimba na kelele zikapungua. Halafu mkono ukaingia. Mtoto mmoja, sijui wa nani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si hiyo kidole ni ya Mzee Nzioka?"

Hakuna aliyemnyamazisha. Baba Mkubwa alirudi nyuma, na uvimbe ukarudi naye. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi, picha inaufuata mguu popote unapokwenda. Akaenda kulia, ikaenda kulia. Akatikisa mguu kama mtu aliyekanyaga siafu, na kidole gumba kikatikisika juu yake hakimwachi. Alikuwa na njia rahisi, kuiangusha tu mikono, lakini kwa muda mrefu hakuiona. Mwishowe akaishusha tableti, na ukutani tukaona dari. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinitazama, na mimi nikamtazama, na sikuinamisha macho.

Nilisikia raha, Mama. Sitakudanganya. Nilisikia raha mpaka kwenye meno.

Walirudi Nuu. Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe, sikuhitaji kusukuma. Watu waliokuwa wamepoteza wao wakaanza kuhesabu nani alipelekwa kwa jiwe na nani hakurudi. Mama fulani alikwenda kulia mlangoni kwake mchana kutwa. Mchungaji akamwomba apumzike uzee wa kanisa. Watoto wakikutana naye njiani hawamuigi tena kidole, wanajificha, kama walivyokuwa wanamkimbia Mwende.

Akanipigia simu. Sauti haikuwa ile ya siku ya jiwe. "Mumbua, unaniua nikiwa hai." Nilimwambia nitakitoa kidole siku atakayokwenda Kathonzweni na kusema, mbele ya wazazi wa Mwende na majirani zao, kwamba nyoka hakutumwa na mtu. Nilimwambia nitakitoa. Nilitumia neno hilo hilo.

Akaenda. Alikwenda na mbuzi na wazee wawili, na Mutua akatoka Mtito Andei akaliacha lori na kwenda naye. Nilikuwepo, nilikaa nyuma ya wanawake. Baba Mkubwa alisimama juani akasema, "Nilidanganya. Nyoka alikuwa wa shamba." Kisha akasema tena kwa Kikamba, maana babu wa Mwende alikuwa hakusikia vizuri. Mwende hakulia. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake, alikuwa ameshalifunga. Sasa yuko nyumbani kwako, Mama. Anavaa gambuti akienda kwenye ndengu, na analigonga rundo kwa fimbo ndefu kabla ya kuliinua. Mutua anarudi kila anapopata mzigo wa kushuka upande huo, na anafua nguo zake mwenyewe. Mwende bado hamsemeshi sana. Anastahili.

Nilifungua kompyuta nikitoe kile kidole. Nikakitazama, nikaifunga.

Mwende aliniambia, tukiwa tunapepeta, "Mimi nimemaliza naye. Wewe utamaliza lini?" Nilimkasirikia hata yeye. Kwake kulikuwa na kitu cha kurudisha. Jina lake lilirudi, nyumba ikarudi, mume akarudi kwa namna yake. Mimi mzee huyo atanirudishia nini? Aende na mbuzi wangapi, wapi, asimame juani mbele ya nani?

Halafu Madam Syokau akagundua, maana ule mkono nilikuwa nimeuingiza bila kumwonyesha. Alikuwa anapitia upya michoro ya chumba cha nyoka, akakipanua kidole mpaka kikajaa kioo, akatazama mpasuko. "Mumbua, huu ni mkono wa mtu." Nikasema ndiyo. Hakuniuliza wa nani, nafikiri alikuwa ameshasikia. Akaniambia nikitoe kabla ya shule kufunguliwa, na kwamba kama siwezi, atatafuta anayeweza. Alisema kwa upole, na ana haki. Kwa sheria za kazi yetu ana haki kabisa.

Nilikuwa karibu kukitoa. Nakuapia. Kisha likatokea hili la mwezi huu, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Binti wa jirani, yule mdogo wa kina Kasyoka uliyekuwa unamtuma chumvi, aliumwa na moma akiokota kuni. Mama yake, kwa mazoea, alikimbia naye kwa Baba Mkubwa. Na unajua alifanya nini? Hakumfunga mpira. Hakushika wembe. Alimlaza, akamwambia asisogeze mguu, akaufunga na kijiti ili utulie, vile vile kama nilivyochora mwishoni mwa ile picha, kwenye sehemu ya yanayofaa. Akaita pikipiki. Akapanda nyuma, akampakata yule msichana mbele yake mpaka Mwingi, na akasubiri pale hospitali mpaka alipodungwa sindano. Msichana yuko hai. Anachechemea kidogo, na anaringa na bendeji yake shuleni.

Watu walinipigia simu kunipa habari njema. Mwende alinipigia, mchungaji alinipigia. Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha, kwa ajili ya yule mtoto. Kisha nikakata simu nikatupa kikombe ukutani.

Kumbe alikuwa anaweza. Kumbe pikipiki ilikuwa inafika. Kumbe ni hivyo tu, Mama, kijiti na pikipiki na mzee wa kukushika usianguke njiani. Ile barabara ni ile ile. Ile hospitali ni ile ile. Hakuna kilichoongezeka duniani isipokuwa kwamba yeye aliona aibu. Kila mtu anasema amebadilika, na mimi kila nikisikia hivyo nauona mguu wako. Kama angekuwa mtu asiyeweza kujifunza, ningeweza kumsamehe kama ninavyomsamehe yule moma. Lakini amejifunza, na amejifunza haraka, kwa kutazama mara moja, na alichojifunzia ni wewe.

Sasa wanataka zaidi. Madam ameniagiza niirefushe ile sehemu ya yanayofaa, mkono uonekane ukiutuliza mguu na kufunga kijiti. Mchungaji akasikia, akaniomba mkono huo niuchore wa Baba Mkubwa, ili watu waone mzee ametubu. Eti uzuri na ubaya vyote viwe vyake. Nimeuchora jana. Ni mkono safi, laini, ukucha wake mzima kabisa. Nimeuchora kama nilivyofundishwa, hauna mwenyewe. Kumpeleka mtoto hospitali ni kazi ambayo mtu yeyote angeifanya, na ndivyo unavyoonekana, mkono wa mtu yeyote.

Huo mwingine, wa jiwe, siwezi. Nimejaribu tena leo mchana, ofisi ikiwa tupu. Nilianza kufuta mpasuko kidogo kidogo, na kadiri ulivyokuwa unapotea ndivyo nilivyoona hakuna aliyeirudisha pikipiki. Hakuna aliyekufunga. Umekufa tu, kama watu wanavyokufa. Nikaurudisha wote, mpaka ule weusi wa ndani.

Najua ungeniambia nini. Ungeniambia, "Mumbua, mtu mzima haaibishwi hivyo." Ungeniambia ni ndugu ya baba yako. Ungempelekea hata uji. Lakini wewe hupo wa kuniambia, na kutokuwepo kwako ni kwa sababu yake.

Shule zimefunguliwa. Basi la kwanza la muhula huu linatoka Kibwezi kesho alfajiri, na Madam atakuja kukagua kabla halijafika. Akinifukuza, nitarudi Nuu nikalime na Mwende, nitanunua gambuti. Na atakayeletwa baada yangu akikitoa, hiyo ni kazi yake, si yangu. Mimi mkono wangu hautakifuta. Hilo nakuahidi wewe, na ile ahadi niliyompa yeye nimeivunja, na sioni haya.

Kwaheri, Mwaitu. Lala na mguu wako ukiwa mwepesi. Kesho mtoto wa kwanza wa Kibwezi atasimama kwenye zile nyayo, atauliza huo mkono ni wa nani, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, nitamtajia jina.

Mwanao,
Mumbua